Ufundi Uliozikwa Chini ya Kigae: Nani Ampime Fundi wa Sakafu?

Katika kazi zote za umaliziaji wa nyumba, hakuna inayomficha mlipaji mambo mengi kama uwekaji wa vigae. Rangi iliyopakwa vibaya huonekana siku hiyohiyo, mlango usiofunga hugundulika mara ya kwanza unaposukumwa, na bomba lililounganishwa ovyo huvuja kabla fundi hajafunga mkoba wake. Sakafu ya vigae hukabidhiwa iking'aa. Mistari imenyooka, grauti inayojaza mianya kati ya vigae imefutwa, mwenye nyumba anatembea juu yake pekupeku na kulipa salio. Mwaka mmoja au miwili baadaye ndipo kigae kimoja huanza kulia kama debe tupu kinapokanyagwa, kisha cha jirani yake, kisha safu nzima ya sebuleni inabinuka kwa kishindo alasiri moja ya joto. Wakati huo fundi amekwisha kubadilisha namba ya simu au, bila ubaya wowote, amehamia mkoa mwingine kufuata kazi.

Hoja yangu ni kwamba fani ya namna hii, ambayo sehemu kubwa ya ubora wake hufunikwa kabla kazi haijakabidhiwa, ndiyo inayohitaji cheti cha ufundi kuliko fani nyingi ambazo makosa yake yako wazi. Na kwamba mfumo wa vyeti tulio nao Tanzania, pamoja na nia yake njema, una hatari ya kupima kile ambacho mwenye nyumba angeweza kukipima mwenyewe kwa macho. Soko peke yake halitatuokoa hapa. Fundi anayetumia siku nzima kusawazisha sakafu, kupima mteremko wa bafu na kuchanganya gundi kwa kipimo atadai fedha zaidi na muda zaidi kuliko mwenzake anayeanza kubandika asubuhi aliyofika, na kwa kuwa sakafu zote mbili zitang'aa sawasawa siku ya makabidhiano, mwenye nyumba mwenye akili timamu atamchagua wa bei nafuu. Si ubahili, ni kukosa taarifa. Fundi mwangalifu hushushwa bei mara mbili tatu, kisha naye huacha uangalifu kwa sababu haulipi. Kwenye umeme tatizo hili tulikwisha kulitambua: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za madaraja kwa mafundi wanaofunga mifumo ya umeme majumbani, kwa sababu waya mbovu ukishazikwa ukutani hauonekani na unaweza kuua. Kigae kinachobanduka hakiui mtu, na pengine ndiyo maana hatujawahi kukiona kuwa jambo la kitaifa, ingawa hasara yake imesambaa katika maelfu ya sebule na kila mwenye nyumba anailipa kimyakimya.

Tatizo limekua kwa sababu bidhaa yenyewe imebadilika. Kwa muda mrefu kigae cha kawaida katika nyumba zetu kilikuwa cha seramiki, chenye mgongo uliojaa vinyweleo vinavyofyonza maji. Fundi wa wakati ule alifundishwa kukiloweka katika ndoo, kukitoa, kukipaka uji mzito wa saruji mgongoni, kukilaza juu ya udongo wa mchanga na saruji na kukigonga taratibu kwa nyundo ya mpira hadi pima maji iridhike. Alikuwa sahihi kabisa. Kigae kikavu cha aina hiyo kingenyonya maji ya saruji kabla haijakomaa, na mshiko ungekuwa dhaifu. Kulowekwa kulikizuia kufanya hivyo, na vinyweleo vyake vikaipokea saruji ikaingia ndani na kushika. Maarifa hayo yalipitishwa kutoka fundi hadi saidia fundi bila kitabu, na yalifanya kazi.

Kisha ikaja porselini. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, kigae cha porselini hakipaswi kufyonza maji yanayozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati vigae vingi vya seramiki vya ukutani hufyonza zaidi ya asilimia 10. Kukiloweka porselini ni kupoteza maji tu, na uji wa saruji ukipakwa mgongoni mwake haupati pa kuingia. Hukauka ukabaki ganda lililolala kando ya kigae, likisubiri mtikisiko au joto la kuviachanisha. Porselini inahitaji gundi iliyochanganywa kemikali za polima, inayoshika juu ya uso uliofungamana. Wakati huohuo viwanda vikubwa vilifunguliwa Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na kingine Kajiado nchini Kenya, vigae vikashuka bei hadi mtu anayejenga kwa mshahara wa ualimu au faida ya duka akaweza kutandika nyumba nzima. Ukubwa nao ukaongezeka, kutoka sentimita 30 kwa 30 hadi 60 kwa 60, na sasa 60 kwa 120. Bonde la milimita tano ndani ya mita mbili, ambalo kigae kidogo hulifuata bila shida, huacha pembe ya kigae kikubwa ikiwa hewani au imepanda juu ya jirani yake kiasi cha kujikwaa. Fundi ni yuleyule, mikono ni ileile, na alichofundishwa kilikuwa kweli. Kigae ndicho kilichomwacha nyuma.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa karibu, angalia jinsi gundi inavyowekwa katika nyumba nyingi zinazomaliziwa leo pembezoni mwa miji yetu. Saidia fundi anamimina gundi kwenye ndoo, anaongeza maji kwa kukadiria, anakoroga kwa kipande cha nondo. Fundi anachota kwa mwiko na kuweka madonge matano mgongoni mwa kigae, manne kwenye pembe na moja katikati, anakigeuza, anakigonga, anahamia kingine. Njia hii inapendwa kwa sababu inaficha sakafu isiyonyooka: donge hubonyea pale palipoinuka na kubaki nene pale palipoinama, na kazi ya kusawazisha haihitajiki tena. Lakini kati ya madonge hayo kuna hewa. Miongozo ya Marekani inataka gundi iguse walau asilimia 80 ya mgongo wa kigae katika vyumba vikavu na asilimia 95 bafuni na nje, na kiwango hicho hufikiwa kwa kutandaza gundi sakafuni kwa mwiko wa meno, mistari ikielekea upande mmoja, kisha kigae kusukumwa kukatisha mistari hiyo ili hewa itoke. Kwa madonge matano kigae hukaa juu ya nguzo. Sufuria ikianguka katikati ya nguzo mbili, kigae hupasuka. Bafuni maji hujaa katika mapango hayo na kutafuta njia ya kwenda chumba cha pili.

Kosa la pili limefichika zaidi, na hata wahandisi wengine hulipuuza. Kigae hutanuka kwa joto, zege lililo chini yake huendelea kusinyaa kwa miezi mingi, na vitu viwili vinavyovutana hivyo vinahitaji nafasi ya kusogea. Miongozo hiyohiyo ya Marekani inataka mwanya wa kutanukia kila baada ya mita saba na nusu hivi ndani ya nyumba, na kila baada ya mita mbili na nusu hadi tatu na nusu mahali panapopigwa na jua, pamoja na nafasi ndogo kuzunguka kuta ambayo skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta, ingeifunika bila mtu kujua kuwa ipo. Fundi wetu hubana vigae hadi ukutani na kushindilia grauti ngumu kila mahali, kwa sababu amefundishwa kwamba nafasi ni uzembe. Zile sebule zinazobinuka kwa kishindo, ambazo majirani huzihusisha na tetemeko na wengine na mambo ya giza, mara nyingi hazina siri zaidi ya milimita chache zilizokosekana ukutani.

Mambo haya hufundishwa wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye saiti. Kijana huanza kwa kubeba ndoo na kukoroga, akapanda hadi kujaza grauti, akaachiwa kukata vigae vya pembeni, na siku moja fundi anapougua au kupata kazi mbili kwa mpigo, kijana anaambiwa amalizie chumba. Kuanzia hapo ni fundi. Hakuna sababu ya kuidharau njia hii. Ni nafuu, inamlipa mwanafunzi japo kidogo badala ya kumdai ada, na inampa saa nyingi za mikono ambazo hakuna chuo kinachoweza kuzifikia. Udhaifu wake ni kwamba inarithisha kila kitu kama kilivyo, maarifa mazuri na mazoea yaliyopitwa na wakati kwa pamoja, na haina mlango ambao habari mpya ingepitia. Maelekezo ya kuchanganya gundi yameandikwa kwenye mfuko, mara nyingi kwa Kiingereza, na mfuko hutupwa. Habari kwamba gundi ikikaa wazi muda mrefu juu ya sakafu hufanya utando na kuacha kushika, na kwamba katika upepo mkavu wa Dodoma muda huo hupungua sana kuliko katika unyevu wa Tanga, haina mtu wa kuipeleka kwa kijana huyo.

Upande rasmi upo. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo hayo, na mafunzo yake ya umahiri hutolewa kwa ngazi tatu za tuzo ya taifa. Uwekaji vigae kwa kawaida huingizwa ndani ya uashi, pamoja na kujenga kwa tofali, kupiga lipu na kusuka nondo, au hutolewa kama kozi fupi. Zanzibar mafunzo haya yako chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Zaidi ya hapo VETA imekuwa ikiendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunzia saiti hupimwa kwa vitendo na kwa mahojiano, hujaziwa mapengo yake kwa mafunzo mafupi na kupewa cheti, na serikali imewahi kuwagharamia maelfu ya mafundi, waashi wakiwemo. Nauthamini sana utaratibu huu. Naona ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi ambayo sekta ya elimu yetu imefanya, kwa sababu ulikubali kwamba mtu anaweza kujua bila kusoma.

Lakini kuutambua ujuzi si sawa na kuuhakiki, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuwa kuongeza idadi ya vyeti kutamaliza tatizo. Upimaji wa saa chache, kwa hulka yake, unaelekea kwenye kile kinachoonekana. Mtahini anaangalia kama mistari imenyooka, kama vipande vya pembeni vimekatwa bila kumeguka, kama pima maji imetumika, kama eneo limeachwa safi. Fundi wa madonge matano anaweza kufaulu mtihani wa namna hiyo kwa alama za juu, na pengine akamshinda yule mwangalifu kwa sababu ana kasi. Sifa zinazomtofautisha fundi wa kweli, kama vile kuichunguza sakafu kabla ya kuanza, kukataa kubandika juu ya zege bichi, kujua kigae alichopewa ni cha aina gani na kuchagua gundi kulingana nacho, au kuacha mwanya wa kutanukia, hazionekani juu ya kazi iliyokamilika. Njia ya kuzipima ipo na haihitaji mashine: mtahini achague kigae kimoja kati ya vilivyobandikwa, akibandue papo hapo gundi ikiwa mbichi, akigeuze na kuangalia gundi imegusa sehemu gani ya mgongo wake. Ampe mtahiniwa vigae viwili visivyo na boksi na tone la maji, amwambie ataje kipi ni porselini na atumie gundi ipi. Ampeleke kwenye sakafu mbovu na amuulize kwa nini asianze kazi. Mtihani wa namna hiyo ungewaangusha mafundi wengi wenye majina makubwa mtaani, jambo ambalo lingekuwa dalili kwamba unapima kitu.

Kuna nchi iliyowahi kufanya jaribio kubwa juu ya thamani ya cheti katika fani hii, ingawa haikukusudia kuliita jaribio. Ujerumani, hadi mwaka 2003, aliyetaka kufungua biashara ya kuweka vigae alilazimika kuwa na cheti cha umahiri kinachoitwa Meister, ambacho mtu hukipata baada ya uanagenzi wa miaka mitatu, mafunzo ya ziada na mtihani unaohusisha pia uwezo wa kufundisha wengine. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa. Fani 53, uwekaji vigae ukiwamo, zikaondolewa sharti hilo ili kurahisisha ajira na ushindani. Biashara za vigae zikaongezeka mara kadhaa katika miaka michache, nyingi zikiwa za mtu mmoja, na wanagenzi waliokuwa wakifundishwa wakapungua. Mwaka 2020 sharti la Meister lilirudishwa kwa fani 12, na uwekaji vigae, usakafiaji wa saruji na sakafu za mbao za parketi zikawa miongoni mwake. Waliofungua biashara katika kipindi cha kati hawakufungiwa.

Si haki kuibebesha sheria ya 2004 lawama zote, kwa kuwa mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipanuka kuelekea mashariki na mafundi wengi kutoka Poland na nchi jirani walijisajili Ujerumani kama wafanyabiashara wa mtu mmoja. Hata hivyo, kinachonivutia katika kisa hiki si ubora wa sakafu, ambao ni vigumu kuupima kwa nchi nzima. Ni hatima ya wanagenzi. Fundi anayefanya kazi peke yake kwa bei ya kukimbizana hafundishi mtu. Hana muda, na mwanafunzi wake akihitimu atakuwa mshindani wake wa kesho. Sharti la Meister, pamoja na usumbufu wake wote, lilikuwa likishikilia mfumo wa kufundisha, na lilipoondolewa ndipo ilipoonekana kwamba hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Kuna atakayesema tuchukue sharti hilo tulilete kwetu. Nalipinga wazo hilo. Katika nchi ambayo mafundi wengi mno wamejifunzia saiti, kuwakataza kufanya kazi hadi wawe na cheti ni kuwapa wakaguzi chanzo kipya cha rushwa na kuwanyang'anya vijana wa darasa la saba mlango mmoja wa ajira usiodai ada. Somo tunaloweza kulichukua ni jingine: tunacho kile ambacho Ujerumani iliogopa kukipoteza. Saidia fundi yupo katika karibu kila saiti. Kinachokosekana ni kumtambua fundi anayemfundisha kuwa mwalimu, kumpa sababu ya kufundisha vizuri, na kumfikishia yeye kwanza maarifa mapya, kwa kuwa akibadilika mmoja watabadilika vijana wake wote watakaopita mikononi mwake. Cheti cha juu cha fani ya sakafu kingepaswa kuwa cheti cha fundi mfunzi, na atakayekipata awe na haki ya kumsainia kijana wake kitabu cha kazi kinachotambuliwa na VETA: leo amesawazisha sakafu, wiki ijayo ameweka mteremko wa bafu wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kijana huyo angefika kupimwa akiwa na rekodi ya kazi alizozifanya, bila kutegemea saa chache za mtihani pekee.

Fedha za kufanya hivyo zinatozwa tayari. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara hadi mwaka 2013 na imeshushwa hatua kwa hatua hadi kufika asilimia 3.5 mwaka 2023, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekwenda kwingine nje ya ufundi stadi, mikopo ya vyuo vikuu ikiwemo. Sina ugomvi na mikopo hiyo, ila tozo ina jina lake. Watengenezaji na wauzaji wa gundi nao huendesha semina kwa mafundi, wakati mwingine na cheti cha kuhudhuria, fulana na chakula cha mchana. Semina hizo zina manufaa ya kweli, kwani huenda ndizo mahali pekee ambapo fundi wa mtaani huisikia tofauti ya seramiki na porselini. Tatizo ni kwamba aliyefundishwa na muuzaji anajifunza bidhaa moja, na cheti cha kuhudhuria hakisemi kama alielewa.

Mwili wa fundi nao ni sehemu ya mafunzo haya, ingawa kwenye saiti husahaulika. Ujerumani mwaka 2009 iliorodhesha ulikaji wa maungio ya magoti kuwa ugonjwa wa kazini kwa mtu aliyefanya kazi kwa kupiga magoti kwa jumla ya saa 13,000 au zaidi, na walau saa moja kwa kila zamu. Fundi wa vigae anayepiga magoti saa tano kwa siku, siku 260 kwa mwaka, hufikisha kiasi hicho ndani ya miaka kumi, yaani aliyeanza na miaka ishirini anafika kabla ya thelathini na mmoja. Vumbi ni kali zaidi. Porselini ina chembe za silika, na grenda inayokata bila maji huzirusha hewani zikiwa laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya aina hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997, mbali na ugonjwa wa mapafu kukakamaa ambao wachimbaji madini wanaufahamu. Mashine ya mkono ya kuchora na kuvunja kigae haitoi karibu vumbi lolote, na kwa mikato mingi iliyonyooka inatosha. Kijana wa saiti hufunga fulana puani na kuendelea. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unamhusu mfanyakazi ambaye mwajiri wake anamchangia; mtu aliyepatana kwa mdomo na mwenye nyumba, kwa bei ya mita za mraba, kwa vitendo yuko nje yake. Pedi za magoti, ndoo ya maji na barakoa ya kweli vingepaswa kuwa sharti la kuingia kwenye chumba cha mtihani.

Nimejikita kwenye vigae kwa sababu ndivyo vilivyotawala, lakini fani ya sakafu ni pana kuliko hapo. Zulia la vinili la hospitali, ambalo maungio yake huchomelewa kwa joto ili damu na dawa visipenye, linadai sakafu kavu kuliko kigae: kwa desturi ya Waingereza, sakafu ya saruji hukauka takriban milimita moja kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, hivyo tabaka la sentimita tano linadai siku hamsini, na Dar es Salaam ya masika inadai zaidi. Terazo, sakafu ya saruji yenye vipande vya mawe vilivyosuguliwa, iliyotandikwa katika ofisi nyingi za umma na majumba ya zamani ya Upanga na Kariakoo na ambayo bado inang'aa pale ilipopigwa msasa vizuri, imebakiwa na mafundi wachache na sijui kama kuna kijana anayeirithi.

Nje ya mipaka, mafundi wetu wana nafasi finyu ya kujieleza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na baada yake wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wakapata makubaliano ya kutambuliana vyeti. Fundi wa sakafu anayevuka Namanga hana makubaliano ya aina hiyo, ingawa Kenya ina mitihani yake ya ufundi ya madaraja chini ya NITA, mamlaka yake ya mafunzo ya viwandani, na yeye huenda anavuka mara nyingi kuliko mhandisi.

Tunarudi basi kwenye swali la nani atakidai cheti hiki, kwa kuwa mwenye nyumba mmojammoja hatakidai. Mteja mwenye uwezo wa kukidai ni serikali yenyewe. Chini ya utaratibu wa fosi akaunti, shule, zahanati na halmashauri hununua vifaa na kuwalipa mafundi wa eneo hilo moja kwa moja. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 kuanzia mwaka 2021. Kamati ya ujenzi ya shule huchagua fundi kwa bei na kwa kufahamika. Haihitajiki sheria mpya kuielekeza kamati hiyo kwamba panapotandikwa vigae, fundi mmoja kati ya waliopo awe na cheti cha fani ya sakafu, awe na saidia fundi aliyeandikishwa, na kwamba siku ya kwanza ya kazi kigae kimoja kibanduliwe mbele ya mhandisi wa halmashauri kabla malipo ya awamu hayajasainiwa. Tangu mwaka 2024 tuna pia mkondo wa amali katika sekondari, ambao unahitaji walimu wa vitendo na haujawapata wa kutosha. Fundi mfunzi aliyetandika madarasa ya shule angeweza kulipwa kwa kipindi kuwafundisha wanafunzi wa shule hiyohiyo, na chumba cha kwanza cha mazoezi kikawa stoo ya shule, ambayo vigae vyake vinaweza kubanduliwa na kubandikwa upya mara nyingi bila mtu kupata hasara.